Namna ya Kuipima Injini Iliyokunywa Maji ya Jangwani

Hongera. Umefika salama ng'ambo ya maji, au angalau umefika katikati. Masika yamekolea, Barabara ya Morogoro pale Jangwani imekuwa sehemu ya Mto Msimbazi, na wewe ulipomwona mwenye Land Cruiser anapita ukakumbuka kwamba IST nayo ni Toyota. Hoja hiyo haina kasoro. Kilichobaki ni kujua kama injini nayo iliielewa.

Usijilaumu. Bonde lile limewashinda wakubwa. Mabasi ya mwendokasi yalijengewa karakana papo hapo, na masika ya 2018 maji yakayafuata yakiwa yameegeshwa, hayana haraka ya kwenda popote. Wewe walau ulikuwa unawahi kazini.

Sasa gari limezima, maji yanaingia kwa chini ya mlango, na mkono wenyewe unakwenda kwenye funguo. Mwongozo huu unaheshimu mila, kwa hiyo unakuruhusu kupiga stata kadiri upendavyo, mradi kwanza ufanye hesabu ndogo. Injini ya IST ya lita moja na nusu, ile 1NZ, ina silinda nne, na kila moja ina ujazo wa mililita 374 hivi. Pistoni ikipanda hadi mwisho, nafasi inayobaki juu yake ni kama mililita 40, yaani vijiko vitatu vya chakula, tena visijae. Hewa yote iliyovutwa hukamuliwa humo na haigombi. Maji hayakamuliki. Yakizidi vile vijiko vitatu, pistoni inapanda na kukuta mlango umefungwa, stata inaendelea kusukuma kutoka chini, na kinachopinda ni chuma kilicho katikati yao, mkono wa pistoni. Mto Msimbazi, kwa bahati mbaya, haugawi maji kwa kijiko.

Haki itendeke: ikiwa uliingia kwa kasi na injini ikameza maji huku inazunguka, huenda mkono ulipinda palepale, kabla hujagusa chochote. Lakini magari mengi huzima mapema zaidi, kwa sababu ya umeme kulowa au injini kukosa pumzi, yakiwa bado mazima kabisa. Hayo huuawa baadaye, na mwenyewe, kwa nia njema, kwa funguo.

Wenye magari ya dizeli wanaocheka waache. Kwao ile nafasi ya juu ni finyu zaidi, kwa hiyo maji kidogo zaidi yanatosha. Mwenye Land Cruiser aliyekupita ana bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Lako limekaa karibu na taa ya mbele, na ulipokanyaga mafuta ili upite haraka ulilisukumia wimbi ulilolitengeneza mwenyewe. Mtu aliyeingia polepole, kwa mwendo mmoja, angeweza kupita kwenye kina kilekile. Mashuhuda watakwambia hivyo, baadaye.

Na watakuwapo wengi. Vijana watatokea pasipo na mtu, suruali zimekunjwa hadi mapajani, na bei ya kusukuma itapanda sambamba na kina. Kubaliana nao, weka gia kwenye N, wakutoe. Wakisema watasukuma hadi liwake, wakumbushe kwamba hilo ni otomatiki na haliwaki kwa kusukumwa. Wanajua. Walikuwa wanajaribu tu kuongeza safari.

Nchi kavu utakuta baraza la wataalamu limeshakaa. Mmoja atasema ni plagi. Wa pili atasema fyuzi. Wa tatu atasema betri, kwa sababu hata gari likipata pancha yeye husema betri. Kisha utapigiwa simu na shemeji yako aliyeko Mwanza, ambaye halioni gari wala maji, na ndiye atakayekuwa na uhakika kuliko wote: "Kanyaga mafuta mpaka chini, halafu piga stata usiachie." Mshukuru, kata simu, fungua boneti na uchomoe waya mmoja wa betri. Piga na picha za gari na maji yake kama una bima kubwa. Kama una bima ndogo, picha ziweke za kumbukumbu. Bima hiyo humlipa uliyemgonga, na mto haujaleta madai.

Atakapofika fundi, uchunguzi wa kitaalamu utaanza na kitu kigumu kuliko injini, nacho ni ushahidi wa dereva.

"Bosi, maji yalifika wapi?"

"Hapa tu. Chini ya rimu."

Fundi anautazama mstari wa tope uliopita karibu na kitasa cha mlango. Hasemi neno. Fundi mzuri ana adabu zake.

"Na ilipozima, uliwasha tena?"

"Mara moja tu, fundi. Nilikuwa naangalia."

Anaitikia kwa kichwa, na moyoni anaandika mara sita.

Baada ya hapo anafungua eya klina, na hiyo ndiyo hukumu ya kwanza. Kama karatasi ya ndani ni kavu, tembea kifua mbele: yaelekea maji hayakufika kwenye silinda, na ugonjwa uko kwenye koili, plagi au soketi za waya zilizolowa, vitu vya kukausha na kujaribu upya. Kama imelowa chepechepe, na hasa kama kuna jani la mgomba limekaa ndani yake, ile habari ya rimu iondoe kwenye maelezo yako.

Hukumu ya pili iko kwenye kijiti cha kupimia oili. Oili iliyopanda juu ya alama ya mwisho haikuzaliana. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamo, na injini isizungushwe kwa stata hata kidogo mpaka yatolewe. Watu hukasirika hapa. Wanaona kumwaga oili waliyoibadilisha juzi ni hasara, kwa hiyo wanaitunza oili na kuipoteza injini.

Kisha plagi zote nne zinatoka. Hapa fundi wa kweli hujitenga na wengine, kwa kuwa hakimbilii funguo. Anachukua spana, anaikamata nati ya puli ya chini, na kuizungusha injini kwa mkono, taratibu, hadi mizunguko miwili kamili. Ikigoma, anasimama hapo. Ikizunguka, anachomoa soketi za koili na za nozo ili pasiwe na cheche wala petroli, anawaomba watu wasogee, ndipo anapiga stata. Wataalamu wa baraza hawatasogea. Maji yatatoka kwenye matundu ya plagi na kurukia mashati yao, na kwa dakika chache utapata burudani pekee ya siku hiyo. Zoezi linarudiwa hadi matundu yateme hewa tupu. Inafuata oili mpya na filta mpya, injini iwake kidogo, kisha oili hiyo nayo imwagwe na kuwekwa nyingine. Ndiyo, mara ya pili.

Ikiwaka, usianze kupigia watu simu. Sikiliza. Mkono wa pistoni uliopinda hauzuii injini kuwaka, na huo ndio ujanja wake. Unafupika kwa milimita chache, pistoni yake haifiki juu kama wenzake, na gari linakuwa na misi ndogo ambayo kila mtu atasema ni plagi. Mwambie fundi apime kompresheni ya silinda zote. Namba tatu zikikaribiana na ya nne ikawa chini sana, umempata. Mkono huo utaendelea kufanya kazi kwa wiki au miezi, ukigonga kidogo, hadi siku utakapokatika na kutoboa bloku ili upate hewa safi. Kuna fundi atakayekwambia, "Endesha tu, itazoea." Mpe nauli yake. Kisha uchague kati ya kufungua injini na kwenda Ilala kutafuta nyingine ya mtumba kutoka Japani, ambayo muuzaji atakuapia kwamba haijawahi kuona dimbwi.

Mengine ni madogo kwa kulinganisha. Gia boksi ina tundu la kupumulia, na maji hulijua. Hidroliki ikigeuka pinki yenye ukungu, imwagwe. Breki zikanyage taratibu mara kadhaa zikauke kabla hujazihitaji. Beringi za altaneta zitaanza kulia baada ya wiki, ukiwa umeshasahau. Umeme hauna ratiba: kioo kitashuka chenyewe, honi itapiga usiku wa manane, taa ya cheki injini itawaka na kuzima kwa hiari yake, na kontroli boksi iliyopata kutu itachagua kufa siku unapompeleka mama mkwe stendi.

Na iko harufu. Msimbazi hupita katikati ya mji, hukusanya kila ambacho mji umekitupa, na sasa kimelala ndani ya sponji la viti vyako. Marashi ya kuning'iniza kwenye kioo hayaiondoi. Yanaipa tu jina la ua. Viti vitolewe, kapeti litolewe, sakafu ikaushwe juani, kazi ya siku kadhaa ambayo karibu kila mtu huiruka kwa sababu anajua njia ya mkato: kuuza.

Kwa hiyo sehemu iliyobaki ni ya mnunuzi, kama unasoma haya huku umeshikilia bahasha ya pesa. Usianze na boneti; injini imeoshwa. Kaa ndani, funga vioo, zima AC na uvute pumzi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, pale ambapo muoshaji hakufika, uangalie kama kuna mstari wa tope. Nyanyua tairi la akiba, papasa kisima chake. Tazama reli za viti kwa chini kama zina kutu ambayo gari la umri huo halina sababu ya kuwa nayo. Halafu mgeukie dalali, anayekwambia kwamba gari halina kipengele, lilikuwa la mama mmoja mwalimu, kazini na nyumbani tu, umuulize mama huyo anakaa wapi.

"Kigogo," atasema. "Kule bondeni, lakini kwake pakavu."