Namna ya Kununua Betri ya Sola Isiyolipa na Ukabaki na Heshima Yako Kijijini Ipililo

Nasikia unajiuliza kama betri ya sola nyumbani inalipa. Ukiliuliza swali hilo vizuri hutainunua, na jirani yako atakutangulia. Kwa hiyo nifuate mimi.

1. Chagua majira. Usikate shauri mwezi wa Januari, ada za shule zikiwa mezani. Akili huwa kali mno. Subiri pamba. Mkoa wetu wa Simiyu ndio unaoongoza nchini kwa pamba, na sijamwona bado mtu anayepiga hesabu sawasawa siku malipo yanapoingia kwenye simu. Siku hiyohiyo panda bodaboda, nenda Maswa mjini.

2. Hesabu usipige. Najua chaki unayo, Maswa tunazitengeneza wenyewe. Iache. Ukikaidi utajikuta unaandika hivi mlangoni: betri ya N200 ni volti 12 mara ampia-saa 200, wati-saa 2,400. Betri ya maji haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zako ni 1,200, yaani uniti moja na kidogo. Mtumiaji mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Kodi na makato yakiingia inakuwa 122. Zidisha. Dude zima lile, linalobebwa na watu wawili, limekuwekea umeme wa shilingi 146. Litumie kila usiku kwa miaka miwili bila kuruka hata mmoja: 106,580. Muuzaji alikutajia laki ngapi? Usinijibu. Futa mlango.

(Kama nguzo haijafika kitongojini kwako, mwongozo huu haukuhusu. Wewe unashindana na kibatari na safari za kupeleka simu dukani ikachajiwe, na betri yaweza kukulipa kweli. Sina la kumwambia mtu anayenunua kitu chenye faida. Ila REA wakitokea na ile 27,000 yao ya kuunganishwa kijijini, karibu huku kwetu.)

3. Tayarisha sababu. Mama watoto atauliza, "Kwani LUKU imetushinda?" Jibu kwa neno moja: mgao. Mkumbushe mwaka 2023. Akikutajia Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115, usibishane. Muulize tu: nguzo ya hapa ikiangushwa na mvua, Rufiji itatusaidia nini? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana naipenda. Lakini hakikisha mtoto yeyote aliyesoma hayupo karibu, asije akataja zile balbu za kuchaji zinazowaka zenyewe umeme ukikatika. Balbu tatu za namna hiyo zinamaliza mazungumzo yote haya, na hakuna mgeni aliyewahi kuisifia nyumba kwa sababu ya balbu.

4. Dukani, kata njia. Usiulize idadi ya wati wala usitaje vyombo ulivyo navyo. Chukua betri ya gari, ni rahisi. Imeumbwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, basi. Kuilisha televisheni usiku kucha ni kuiua polepole, lakini hilo utaligundua msimu ujao. Ikimbie betri ya lithiamu. Hiyo unaweza kuikamua asilimia 80 na zaidi, ikavumilia mizunguko kwa maelfu, na mtu mwenye subira akianza kuipigia hesabu ya miaka kumi anaweza kukuta hasara imekuwa ndogo mno. Utajivunia nini?

5. Iweke ionekane. Sebuleni, chini ya televisheni, juu yake kitambaa cha kufuma. Joto la bati lisikusumbue. Mafundi husema kila nyuzi 10 zinapoongezeka juu ya 25, maisha ya betri ya maji hukatika karibu nusu. Mafundi wana maneno mengi. Maji yake yakipungua ongeza ya kisima. Yale ya dukani yanauzwa kwa chupa, na maji ni maji.

6. Usiku wa giza. Hapa ndipo fedha yako inaporudi. Umeme ukikatika saa moja jioni, fungua mlango, pandisha redio. Watakuja na simu zao, ishirini kwa mpigo, na wewe hutawatoza hata mia, maana leo ni mheshimiwa. Shemeji akileta shati na pasi, mruhusu. Pasi ya wati 1,000 itaimeza akiba yote kwa saa moja na ushee, lakini shemeji atatoka amenyooka. Saa tatu umeme utarudi, wote wataondoka.

7. Ikifa. Usiseme imekufa. Sema inapumzika, au kwamba unasubiri lithiamu kutoka Dar. Paneli usiishushe kamwe. Betri yangu inapumzika tangu mwaka wake wa pili; inashikilia mlango wa banda la kuku, na kazi hiyo inaiweza. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mizani yao nikawafukuza. Juzi jirani alikuja kuniuliza, mimi mtaalamu, kama betri inalipa. Nikamkaribisha kiti, nikanyamaza kidogo kama daktari, nikamwambia achukue mbili.