Nkt! Chama cha Waliobaki Nyumbani

Nkt! Mtu anaruka maji taka kila asubuhi akienda steji, viatu amevishika mkononi, halafu jioni anaketi hapa kijiweni Kayole na strungi yake anatutangazia kwamba kura haina kazi. Wa pili anadakia “Wantam!”, yaani Rais muhula mmoja tu, kana kwamba neno hilo litazibua mtaro. Wa tatu, kinyozi ambaye hajaona kichwa tangu saa nane, anasema yeye aliapa 2017 kutopiga kura tena. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi Septemba mosi, tukapigishwa tena Oktoba 26, na bei ya unga haikujua kama tumepiga mara moja au mbili.

Mwenye hoja nzito kuwashinda wote ni mama wa chapo, na hata hana muda wa kututazama. Anauliza kitu kimoja tu. Juni 2024, nani aliwazuia wabunge? Mswada wa Fedha uliingia Bungeni, wabunge 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema la. Watoto wakajaa barabarani, wengine wakarudishwa kwao wakiwa maiti, na kesho yake Rais Ruto akatangaza hatautia sahihi. “Sasa nani alifanya kazi hapo,” mama anauliza huku akigeuza chapati, “debe ama barabara?”

Barabara, mathe. Hapo sikubishii. Ila barabara ilitutoza damu, na Juni na Julai 2025 ikatutoza tena. Na wale 195 hawakudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 2023, Bunge hilohilo lilikuwa limepandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, tukapiga kelele wiki mbili, tukazoea nauli mpya.

Na tafadhali msianze hadithi ya kumng’oa mbunge katikati ya muhula. Ndiyo, Katiba kifungu cha 104 kinatupa haki hiyo. Sheria ya kuitekeleza walitunga wabunge wenyewe, wakaijaza masharti mpaka Mahakama Kuu mwaka 2017 ikafuta baadhi ya vifungu vyake. Mpaka leo hakuna mbunge hata mmoja aliyetolewa kwa njia hiyo. Ukimpa fisi kazi ya kutengeneza kufuli ya bucha, unatarajia nini?

Kwa hiyo imebaki kura ya Agosti 2027. Basi tuhesabu, maana hapa kijiweni kila mtu ni profesa wa siasa lakini hesabu ikitajwa watu wanaangalia simu. Mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na wapiga kura milioni 2.4 na ushei kwenye daftari. Sakaja akawa gavana kwa kura 699,392. Igathe wa pili, 573,516. Waliosajiliwa wakakaa nyumbani walizidi milioni moja. Milioni moja, buda! Chama cha Waliobaki Nyumbani kingechukua ugavana na kurudishiwa chenji. Na kaunti ndiyo yenye kazi ya takataka, mitaro, vibarabara vya mtaani, zahanati, hata kampuni ya maji. Vitu vyote tunavyolia navyo hapa Kayole. Lakini tukifungua mdomo tunamtukana Rais kwa mtaro ambao si wake. (Ana madhambi yake ya kutosha, asiongezewe ya jirani.)

Tena hao ni wale waliosajiliwa Nairobi. Juzi niliuliza hapa, nani kura yake iko Kayole? Watu wakaanza kukohoa. Fundi viatu, Mutomo kule Kitui. Kinyozi, Murang’a. Jamaa wa nduthi, Siaya, na husafiri usiku kucha kila uchaguzi kwenda kumchagulia nyanyake MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Mtu amelipa kodi ya nyumba hapa tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe, mtoto sasa yuko sekondari, lakini ikifika siku ya kura anaenda kuchagua mtu wa kuchonga barabara ambayo yeye huipita Krismasi tu. Maji taka yako Kayole, kura iko Mutomo.

Mnadhani mheshimiwa hajui? Anajua kutushinda. Akija na msafara akaona umati hapa kona, filimbi na vuvuzela, moyoni anawagawa: hawa wapiga kelele, wale wapiga kura. Wapiga kelele anawarushia mia mbili-mbili wagawane. Wapiga kura ni kile chama cha akina mama wa ploti za kule chini, ambao anajua wako kwenye daftari na wataamka saa kumi usiku kupanga laini. Hao simu yao anashika. Fomu za basari nazo zinajua njia ya kwenda kwao. Halafu sisi tunasema serikali haisikii. Inasikia sana tu, ila inasikiliza walio kwenye daftari lake.

Tume ya uchaguzi yenyewe, IEBC, ilikaa bila makamishna tangu mapema 2023 hadi Julai 2025, na hiyo ni aibu ya kujadiliwa siku yake. Sasa wapo. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kuhamisha kura kuja Embakasi ya Kati, eneo bunge la Kayole yetu, ni kitambulisho, fomu, na mguu wako mpaka ofisini.

Nilimwambia fundi viatu hivyo. Akaweka sindano chini.

“Mzee, nikihamisha nitaonekanaje nyumbani? Binamu yangu anawania MCA. Siku nikifiwa, nani atakuja na hema?”

“Na hapa, MCA wako ni nani?”

Akafikiri kidogo. “Si ni yule mrefu?”

Nkt! Yule mrefu ni keateka wa ile ploti ya kijani.