Maneno ya Mwisho ya Seva

Ofisini kwetu hapa Dodoma, kikao cha kuamua nani anunue sukari ya chai kina mahudhurio, kina muhtasari, na kina "yatokanayo na kikao kilichopita". Lakini seva ikikata roho usiku wa manane, maneno yake ya mwisho hayana wa kuyaandika.

Na seva zenyewe siku hizi si zile za kupiga kofi ubavuni zikaamka. Ni mashine pepe, zimepanga kadhaa ndani ya kompyuta moja. KVM, inayowezesha upangaji huo, iliingia kwenye Linux mwaka 2007, mwaka uleule kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba haya ni mambo mapya. Hata hivyo, mpangaji mmoja akizimika, kijana wa zamu anafungua dirisha la konsoli, anatoa simu, anapiga picha. Mistari iliyotaja chanzo imeshapanda juu na kupotea. Picha ya mwisho niliyoletewa ilikuwa na maneno "Kernel panic", feni ya dari, na paji la uso la mpiga picha.

"Si iandike yenyewe kwenye diski yake?" wananiuliza. Jamani! Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ndiyo inayoandika kwenye diski, na kerneli ndiyo iliyoanguka. Dawa ni kuipa mashine bandari pepe ya siriali, kuongeza console=ttyS0,115200 kwenye vigezo vya kuwashia, kisha kompyuta mwenyeji ipokee kila mstari unaotoka na kuuhifadhi kwake. Kwenye libvirt, programu inayosimamia mashine hizo, unaongeza mstari mmoja tu wa kutaja faili. Kazi kubwa ni kupangusa vumbi kwenye kibodi, maana upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba hauna adabu.

Tukaweka. Mashine ikaanguka, nikasema leo ndiyo leo. Kijana, kwa uchapakazi wake, akaizima na kuiwasha upya kabla hajafungua faili. Sasa libvirt, usipoiandikia append='on', mashine ikizimwa na kuwashwa tena inafagia yote yaliyokuwemo kwenye faili na kuanza upya. Ushahidi ukaenda na maji.

"Lakini mkuu, si mlisema huduma irudi haraka?"

Kweli, tulisema. Tena kwa maandishi.

Append ikawekwa. Safari iliyofuata tulipata kila kitu: saa, diski iliyogoma kusomeka, hadi mstari wa mwisho. Nikamtumia bosi faili kwa barua pepe, nikakaa kusubiri pongezi. Akapiga simu: "Mzee, hili nitalisomaje? Lichape, lipite masijala."

Nikalichapa. Limerudi likiwa ndani ya jalada, limepewa namba, na kila ukurasa umegongwa muhuri mkubwa wa zambarau: IMEPOKELEWA. Ule mstari unaotaja diski uko chini ya muhuri, hausomeki.