Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Anayetubadilishia Migahawa

Kwako Mkurugenzi,
Halmashauri yetu,
Dar es Salaam.

YAH: SHUKRANI KWA KUITUNZA NDOA YETU, PAMOJA NA MAOMBI MACHACHE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlipa kodi na mke wa mtu. Kila Ijumaa jioni jiko la nyumbani kwetu hupumzika, mimi na mume wangu tukatoka kwenda kula nje. Usituonee wivu, hatuendi kwenye hoteli zenye vitambaa vya mezani. Tunakwenda kwa mama lishe, kwa kaka wa chipsi mayai, kwa mzee wa supu ya pweza, penye benchi la mbao na ndoo ya kunawia iliyotobolewa ikawekwa koki. Tunao utaratibu wetu: mume wangu anahukumu mchuzi na pilipili, mimi nahukumu wali na usafi wa sahani. Tukitofautiana, Ijumaa inayofuata tunarudi pale pale kusikiliza rufaa.

Kwenye rufaa ndipo ofisi yako ilipotuokoa. Wanandoa wakishapata mahali pazuri hupang'ang'ania, mwisho wanakula kila mtu na simu yake. Sisi hatujawahi kufika huko. Tukishampenda mpishi tu, gari la mgambo linaingia, benchi linapandishwa kwenye pikapu, na sisi tunaanza kutafuta upya, tukiulizana na bodaboda wa kona: yule wa pweza kahamia wapi? Wenye nazo hulipa washauri wa ndoa na kwenda Serengeti kubadilisha mazingira. Wewe unatubadilishia mazingira hapa hapa, bila fomu wala mchango. Ahsante sana.

Kwa kuwa najua huna muda wa kukaa kwenye benchi, naomba nikueleze kazi yako inavyoonekana kutokea huko.

Kulikuwa na mama mmoja chini ya mwembe, jirani na kituo cha daladala. Maharage yake hayakuwa yamepondeka wala hayakugoma kuiva. Aliyaunga kwa tui zito, akayatupia juu pilipili mbuzi nzima isiyopasuka, ili anayetaka ukali aipasue mwenyewe na asimlaumu mtu. Wali ulichambuka. Kachumbari aliikata mteja anapoagiza, si saa nne asubuhi ikangoja mpaka jioni. Ijumaa moja mume wangu alikuwa amenyoosha sahani, kama kawaida yake, kuomba aongezewe mchuzi. Upawa ulikuwa hewani pikapu ilipofunga breki. Mchuzi ule haukufika.

Nawapongeza vijana wako kwa adabu. Wawili walimwamkia mama, shikamoo mama, ndipo wakanyanyua sufuria. Haikunishangaza, kwani mchana walikuwa wamekula hapo hapo, na mmoja wao alikuwa ameandikwa kwenye daftari la madeni. Daftari nalo lilipandishwa kwenye pikapu kama kielelezo. Katika maisha yangu nimesikia serikali zikisamehewa madeni yao na mabenki ya dunia, ila sijaona deni la wali maharage likifutwa kwa haraka na kwa kufuata sheria namna ile.

Mama alipokwenda ofisini kukomboa vyombo vyake, alirudishiwa sufuria tupu. Nisiwe mchoyo wa sifa: ilikuwa imeoshwa.

Sasa kuna jambo moja dogo la mahesabu. Asubuhi ya siku ile ile, kijana wa halmashauri alipita na mashine yake ya kukatia ushuru, akachukua shilingi 500 na kuacha risiti. Mama alinionyesha. Ina nembo yako, tarehe na saa. Niliisoma nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba ni faini, sikupaona. Ni ushuru wa biashara. Maana yake, saa tatu asubuhi mama alikuwa mfanyabiashara anayechangia maendeleo ya halmashauri, na saa kumi na moja jioni alikuwa uchafu unaoharibu sura ya jiji. Nilidhani mtu akiwa haramu, hata hela yake inakuwa haramu. Ofisi yako imepiga hatua kuliko masheikh na maaskofu wetu: imeweza kuvitenganisha.

Najua hukuanza wewe. Miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa haumfikishi mtu katikati ya mwezi, wanawake hawa ndio waliotoka na masufuria yao kulisha makuli, mafundi na makarani. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, watu wakakamatwa mijini na kupelekwa vijijini wakalime, na wengi wao walirudi. Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka hapa Dar es Salaam, amri iliyofika haraka mtaani kwetu ilikuwa ya kufunga vyakula vya kando ya barabara. Kuhusu maji na vyoo, ambako ndiko ugonjwa huo hupita, tuliambiwa mchakato unaendelea. Desemba 2018 vikatoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, kwa ahadi kwamba mwenye nacho asibughudhiwe. Oktoba 2021 wakaondolewa tena kandokando ya barabara. Mama wa mwembe bado anacho kitambulisho chake. Anakifungia kwenye mfuko wa nailoni kisilowe, na siku ya pikapu alikitoa. Kijana wako alikitazama, akakisifia picha, akamrudishia.

Tuliambiwa kwamba halmashauri imewajengea wapishi eneo rasmi. Sisi ni raia wema, kwa hiyo Ijumaa moja tulilifuata. Ni pazuri. Pana vizimba vya zege vyenye namba, paa la bati la rangi, na jiwe la msingi lenye jina la aliyezindua kwa herufi kubwa kuliko jina la soko lenyewe. Koki zipo. Maji yalikuwa bado hayajapata taarifa. Tulimkuta mpishi mmoja, akatukaribisha kwa furaha, akapangusa meza, akauliza tunakula nini, kisha akajitenga pembeni kupiga simu. Baada ya muda wali wetu ulifika kwa bodaboda. Ulitoka kwenye biashara yake halisi, anayoiendesha binti yake nyuma ya gereji, hatua chache kutoka pale alipofukuzwa. Kile kizimba anakilipia ili jina lake lisifutwe kwenye orodha yako.

Mume wangu, ambaye kwa kawaida huona makosa kwenye mchuzi tu, siku hiyo aliona na kosa la mipango miji. Sahani ya wali maharage ni shilingi 2,000. Nauli ya daladala ni 600 kwenda na 600 kurudi. Fundi wa gereji akifuata chakula kwenye eneo lako rasmi, sahani yake inakuwa ya 3,200, na akirudi anakuta gari la mteja limeshapelekwa kwa fundi mwingine. Bodaboda naye anakula jicho likiwa kwa abiria. Mpishi wa chakula cha bei hii hawezi kuhamishwa peke yake. Mhamishe na kituo cha daladala, na gereji, na wale wanaosubiri kazi ya kupakua mzigo. Ukishindwa kuwahamisha hao, utakuwa umejenga zege kwa ajili ya popo.

Nasikia mnapenda mifano ya nje, na safari za kwenda kuiona. Basi mwende Singapore. Huko nako wauza vyakula walikuwa wametapakaa barabarani, na serikali yao haikuwa na mzaha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 iliwasajili, ikaanza kuwahamishia kwenye mabanda maalumu, kufikia 1986 kazi ikawa imekwisha. Lakini mabanda yale yalikuwa na maji ya bomba, mifereji na mahali pa taka, na mengi yalijengwa katikati ya makazi ya watu, penye walaji. Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wao wa kula kwenye mabanda katika orodha ya urithi wa binadamu. Masharti yao ni makali kuliko yako, ukaguzi wao hauna undugu. Tofauti ni mpangilio: kule mpishi aliyehamishwa alilikuta bomba.

Usinielewe vibaya, mimi si mtetezi wa uchafu. Sahani yenye harufu ya shombo naikataa mbele ya mwenyewe, na mpishi anayeshika noti kisha akashika chapati simrudii hata kwa rufaa. Wapishi wapimwe afya kila baada ya miezi sita kama taratibu zinavyotaka. Mama wa mwembe alikuwa amepima, karatasi yake ilining'inia kwenye msumari. Kilichonikera pale hakikutoka kwenye sufuria. Lilikuwa dimbwi la maji ya chemba iliyofumuka upande wa pili wa barabara, ambalo mama alilifukia kwa ndoo za mchanga alionunua kwa hela yake. Taka alimlipa kijana wa mkokoteni. Maji alinunua dumu la lita 20, akayahesabu kwa kopo. Halmashauri kwa upande wake ilichangia bango, likapigiliwa kwenye mwembe: USAFI NI JUKUMU LAKO. Ni kweli tupu. Bango halikuongopa hata herufi moja.

Mwaka jana mume wangu alialikwa, kama mjumbe wa kamati ya mtaa, kwenye kikao cha wadau kuhusu usafi wa vyakula. Kilifanyika hotelini, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Mada ya kwanza iliwaita mama lishe chanzo cha magonjwa, ya pili ikawaita changamoto mtambuka. Saa nne ikaja chai na sambusa. Mume wangu akang'ata moja, akatulia, akaigeuza. Sambusa ile ilifungwa kona ya tatu kwa unga mbichi uliokandwa na ndimu, na ndani ilikuwa na pilipili manga nyingi kupita kiasi. Akaijua. Aliyepewa zabuni ya vitafunwa alikuwa ameziagiza kwa mama wa mwembe, alfajiri ile, zikaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma na kupangwa kwenye sahani za udongo mweupe. Wajumbe walizimaliza kabla ya mada ya tatu. Kumbukumbu za kikao hazikutaja mgonjwa yeyote.

Kwa moyo huo wa ushirikiano, mimi na mume wangu tunaomba yafuatayo:

Kwanza, operesheni ziwe na ratiba, kama ilivyo kwa mgao wa umeme. Mkitangaza Jumatatu kwamba Ijumaa ni zamu ya kituo fulani, sisi tutakula kingine, na mpishi atapika nusu. Kushtukiza kuna faida gani, kama siku ya pili wote wamerudi?

Pili, chakula kikikamatwa, kitolewe risiti inayoonyesha aina, uzito, na mahali kitakapoteketezwa. Ikibainika kwamba kimeteketezwa kwa kuliwa, waliokila waandikwe majina ili tuwaulize chumvi ilikuwaje. Tunahitaji hukumu kamili kwenye kumbukumbu zetu.

Tatu, mtumishi asitumwe kumkamata mtu anayemdai. Ni suala la maadili ya utumishi wa umma, na la kawaida tu la aibu.

Nne, na hili ndilo kubwa, ushuru ule uonekane. Shilingi 500 kwa siku 26 ni 13,000 kwa mwezi. Pale kituoni wapishi hawapungui 20, kwa hiyo ni 260,000 kwa mwezi, na kwa mwaka shilingi 3,120,000, kutoka kona moja tu yenye mwembe. Fedha hiyo hiyo, kabla haijapanda kwenda kununua mafuta ya pikapu, ilete pale bomba moja, choo kimoja cha kulipia, na pipa la taka linalomwagwa. Mpime mstari kwa chokaa, mwambieni kila mpishi asiuvuke. Atakayeuvuka mfuateni, na mimi nitakuwa shahidi wenu. Lakini msimfukuze mtu kwa kukosa maji ambayo amekwisha kuwalipa ninyi.

Ukiona maombi ni mengi, acha matatu ya mwanzo, shika la nne.

Mwisho, Ijumaa ijayo saa kumi na mbili jioni tutakuwa nyuma ya gereji. Sitaji gereji gani. Mkaguzi wako anaifahamu vizuri, naye ana deni pale. Karibu uje na mwenzi wako. Sahani ni 2,000, kila mtu anajilipia, na mchuzi huongezwa mara moja tu. Mkono utanawa kwa kopo, kwa sababu maji ya bomba bado yako kwenye mchakato, na mchakato uko mezani kwako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mlaji wa Ijumaa

Nakala kwa:
Afisa Afya: kwa taarifa, na aje na njaa.
Mzabuni wa vitafunwa: apunguze pilipili manga, au amtaje mpishi wake.
Mgambo wa zamu: kwa utekelezaji. Daftari limepotea lakini mama anakumbuka. Ni sahani tatu na soda.