Maombi Yenye Taarifa Kamili

Ukitaka siri yako ikae hapa kwetu Kharumwa angalau hadi jioni, usimwambie mwanajumuiya akuombee. Mimi niliomba kwa adabu zote: "Jamani, nikumbukeni kwenye sala, nina jambo linanisumbua." Basi. Jambo.

Jumamosi asubuhi, maombi ya waumini yalipofika, mama mmoja akafumba macho na kumweleza Mungu habari ambazo Mungu alikuwa nazo tayari: kwamba ndugu yetu huyu ana bawasiri, imemwanza tangu msimu wa kuvuna mpunga, na hata kukaa anakaa upande upande. Watu wakaitikia "twakuomba utusikie" kwa nguvu ambayo hata Pasaka siisikii. Baada ya sala nikapishwa kiti chenye mto. Jumatatu bodaboda akaniamkia: "Shikamoo mzee, panda tu, mashimo nitayakwepa." Kijana mwenyewe hata si Mkatoliki.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, AMECEA, walikutana Nairobi wakakubaliana kujenga jumuiya ndogondogo za Kikristo, watu wa jirani wajuane na kusaidiana. Kujuana tumejuana, wahashamu. Mngetuwekea na kikomo.

Dawa sasa. Kila mwombaji alikuja na chupa yake: mizizi, magome, na unga fulani wa kijani ambao mwenye nao alisema ulimponya ng'ombe. Ukikataa dawa ya mtu aliyekuombea, unaonekana humwamini Mungu wake.

Halafu wapo vijana wa maduara ya dhahabu. Mawe yao yakisagwa kwenye karasha bila kuacha kitu, wanawahi sala kuliko katibu, wanakaa mbele, wanaimba hadi bati linatetemeka. Tunawaombea, tena kwa moyo. Sote tunajua duara linavyoweza kumfukia mtu mchana kweupe. Dhahabu ikionekana, tunasikia wako Kahama, na kule hawaombi kuombewa.

Nisiseme uongo, walikuja kunijulia hali, jumuiya nzima, na mikeka yao. "Tumsifu Yesu Kristo!" Milele amina, na mke wangu akaingia jikoni. Mgonjwa nimelala kifudifudi, nasikia jogoo wangu anaaga. Walisali rozari yote, wakanifulia, wakanichotea maji ya siku mbili, wakala wali hadi ukoko. Wakati wa kuondoka mwenyekiti akatoa hotuba kuhusu upendo, akanikabidhi bahasha ya rambirambi; eti za mgonjwa zilikuwa zimeisha dukani.

Nilipoifungua niliikuta nyepesi kuliko hotuba. Mweka hazina, mama asiyesahau, alikuwa amekata kwanza deni langu la ujenzi wa kigango. Risiti ameiweka humo humo, na muhuri.