Barua kwa Mjomba: Jua Limegoma, Kahawa Imeshtakiwa

Tromsø, Norwei
Januari, asubuhi (nadhani)

Mjomba,

Mimi mzima, ila jana nimeanguka mara mbili kwenye barafu. Mara ya pili nilianguka mbele ya bibi wa makamo ya Shangazi Mkubwa, aliyekuwa akikimbia mazoezi. Aliniinua, akatazama viatu vyangu, akasikitika. Leo nimenunua vyuma vya kufunga chini ya soli. Kwa hiyo ujue mpwa wako anakwenda chuo kikuu na njumu, utadhani ana mechi Uwanja wa Jamhuri hapo Morogoro.

Najua barua hii utasomewa na Binamu kwenye simu yake, maana kitochi chako hakipokei mambo haya. Binamu, soma yote, usiruke panapokutaja.

Mjomba, siku ya kuniaga uliniuliza mbele ya ukoo mzima: "Huko gizani wanatafiti nini?" Nikajibu, "Mengi," watu wakacheka. Sasa nina miezi mitano hapa na majibu ninayo.

Nianze na giza lenyewe. Jua liliaga mwishoni mwa Novemba na mpaka leo halijarudi. Mchana unakuja mwanga wa buluu kama wa magharibi, unakaa kidogo, unaondoka. Shida kubwa ni saa zetu. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze; sasa likigoma karibu miezi miwili, saa moja ni lini? Nilimweleza mwenzangu wa darasani utaratibu wetu. Akatazama dirishani, akafikiri, akasema, "Basi kwa hesabu yenu bado tuko usiku ule ule wa Novemba." Sikuwa na la kumjibu.

Watafiti wa chuo hiki walikuwa wameshalifikiria jambo hilo, ila wao walimuuliza mnyama. Kuna mnyama wa huku mwenye pembe kama matawi ya mpera, wenyeji wanamwita rein. Waliwafunga vipimo wale wa visiwa vya Svalbard, kaskazini zaidi ya hapa, wapate kujua wanalala na kuamka saa ngapi. Mwaka 2005 wakatangaza kwamba wakati wa giza la mfululizo, na wakati wa kiangazi jua lisipotua, mnyama huyo hafuati siku kabisa. Anakula, anapumzika, anacheua, anakula tena, usiku na mchana kwake ni mamoja. Yaani anaishi kama Binamu wakati wa likizo.

Hawakuishia hapo, wakamchungulia machoni. Unakumbuka macho ya komba ukimmulika tochi juu ya mwembe? Ule mng'ao unatoka kwenye ngozi laini iliyo ndani ya jicho, kwa nyuma. Mwaka 2013, wakishirikiana na wenzao wa London, watu wa Tromsø walionyesha kwamba ngozi hiyo kwa rein ni ya rangi ya dhahabu wakati wa kiangazi, na majira ya baridi inageuka buluu ili jicho lipate kuona kwenye giza. Mnyama anabadilisha macho kulingana na msimu! Mimi nimebadilisha koti tu, na bado napapasa ukuta nikitafuta mlango.

Sasa Mjomba, kaa vizuri, na kikombe kiweke chini. Hili linakuhusu.

Bunge la Norwei liliamua mwaka 1968 kwamba kaskazini ipate chuo kikuu, na sababu mojawapo unaijua hata wewe: madaktari walikuwa hawataki kukaa mbali na mji mkuu. Wakaona dawa ni kuwasomesha huku huku. Masomo yakaanza 1972, na mwaka 1974 walikuwa wameshaanza kuwapima majirani zao, kwa kuwa wanaume wa kaskazini walikuwa wakifa sana kwa moyo. Waliwapima damu na kuwauliza maisha yao, kisha baada ya miaka kadhaa wakarudi kuwapima tena, na tena. Mpaka leo wanaendelea. Mji mzima umepimwa hadi ukazoea.

Mwaka 1983 wakatoa habari iliyowaudhi wengi: wanywaji wakubwa wa kahawa walionekana kuwa na lehemu nyingi zaidi kwenye damu. Ikabishaniwa sana, na katika kuendelea kuchunguza ikaonekana mkosaji hasa ni kahawa ya kuchemshwa birikani pamoja na unga wake. Yale mafuta ya kahawa yanaingia yote kikombeni. Ukiichuja kwa karatasi, mafuta yanabaki kwenye karatasi.

Kahawa ya kuchemshwa birikani, Mjomba! Nilipoisoma habari hii nilikiona kijiwe chako chote mbele ya macho yangu, birika juu ya mkaa, kashata pembeni, na wewe unamkatalia mtu kete ya bao. Sikuambii uache. Najua ukienda kijiweni na karatasi ya kuchujia utafukuzwa. Nasema tu kwamba watu wa huku wameifanyia kesi miaka mingi, na mshitakiwa ndiye huyo unayemsalimu kila alfajiri.

Mimi mwenyewe, kama mnavyojua na kunicheka, mtu wa milimani nimekuja kusomea uvuvi. Samaki mkubwa wa huku kwa Kiingereza anaitwa cod. Siku ya kwanza niliwaambia Watanzania wenzangu kwa Kiswahili kwamba nashughulikia kodi, wakapoa ghafla, mmoja akaanza kunieleza kwamba biashara yake ya nyumbani ni ndogo sana. Tangu hapo natumia jina la Kinorwei, torsk. Huyu torsk ana kijiwe ndani ya sikio, na kijiwe hicho kinaongezeka pete kadiri anavyokua, kama gogo la mti. Ukikikata ukakiweka chini ya hadubini unahesabu miaka yake. Nimekaa wiki nzima nahesabu umri wa samaki, huku Bibi yetu mpaka leo tunajua tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige.

Usiku, mbingu ikiwa safi, mianga ya kijani inacheza juu kama khanga iliyoanikwa kwenye upepo. Nilipoiona mara ya kwanza nikataka kupiga mluzi. Mwenzangu mmoja wa Wasami, wenyeji wa asili wa huku kaskazini, akanishika mkono: kwao wazee wanakataza, ukiipigia mluzi inakushukia. Nikacheka mpaka machozi, maana Bibi naye alitukataza mluzi wa usiku, yeye kwa ajili ya nyoka. Wanasayansi wanasema ni vumbi la umeme kutoka kwenye jua linalogonga hewa yetu, kilomita 100 na ushei juu. Jua lenyewe halionekani, lakini vumbi lake linafika. Aliyewafungulia njia ni Kristian Birkeland, aliyejenga kituo cha kuitazama mlimani karibu na Alta mwaka 1899. Sura yake iliwahi kutiwa kwenye noti ya kroner 200.

Basi mwezi uliopita nikiwa mgahawani chuoni, nimekaa nawahurumia watu wanaochungulia macho ya wanyama gizani, profesa mmoja mgeni akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Morogoro. Akaweka uma chini. "Morogoro ya panya?"

Mjomba, anawajua! Wale panya buku wa pale Chuo cha Sokoine, wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Akanitajia Magawa, aliyezaliwa hapo Morogoro, akaenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na Waingereza. Panya ana medali, mimi hata shahada bado. Na sikuthubutu kumwambia profesa kwamba ndugu zake Magawa tuliwatega shambani kwako kwa debe.

Akaendelea kuuliza. Kwenu mnajuaje mvua inakuja? Nikamjibu tunaangalia kwenye simu. Akaonekana kusikitika, nami usiku sikulala, maana nilikumbuka wewe unavyotoka nje, unatazama wingu lilivyokaa kichwani mwa mlima Lupanga, kisha unasema anikeni au anueni. Miaka yote ile sikukuuliza unaangalia nini.

Tarehe 21 jua litachungulia tena mjini. Siku hiyo watu wanakula maandazi yenye jemu ndani, maandazi ya jua. Nimeshaagiza matatu.

Nijibu haya, tafadhali: wingu la Lupanga linakaaje kabla ya mvua, unakunywa vikombe vingapi kwa siku (na usimwombe muuza kahawa akupunguzie hesabu), na nzige walikuja mwaka gani. Binamu, ukimuuliza Bibi hilo la nzige, ya kijiwe cha sikio usimtajie.

Mpwao,
mwenye njumu