Matoazi Yaliyogeuka Maji

Baba alipohamia kwetu Kapsoya, alikuja na kasha la CD: Les Wanyika, Franco, Kipchamba arap Tapotuk. Mpwa wangu, kwa kumpenda babu yake, akazihamishia zote kwenye flashi moja ya GB 4, kisha akamgawia jirani kasha lenyewe.

Jioni Baba akaweka "Sina Makosa". Dakika haikupita akaizima.

"Mjukuu wangu, huyu Rashid Juma anapiga matoazi au anamwaga maji?"

Mama Chebet, mwenye sikio la kwaya, akavaa hedifoni akasikiliza mara mbili. Gita la Omar Shabani limefifia, akasema, na kila toazi linavuma kama limezama kwenye ndoo.

CD hubeba kilobiti 1,411 kila sekunde. Kijana alikuwa amechagua MP3 ya kilobiti 64, yaani amebakiza sehemu moja kati ya 22. MP3 imeundwa kutupa zile sauti ambazo sikio halizinasi kwa sababu nyingine nzito zaidi zimezifunika. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa Wajerumani walioiunda, aliijaribu kwa "Tom's Diner" ya Suzanne Vega, kwani sauti ya mtu anayeimba bila ala haifichi dosari. Kwenye kilobiti 320 ni wachache wanaotambua kilichopungua. Kwenye 64 nafasi ni finyu mno, hata vinavyosikika hutupwa, na sauti nyembamba za juu ndizo hutangulia. Muziki wetu wa magita na matoazi unaishi huko juu, na mimi naona uchungu kuusikia ukinyolewa hivyo.

Mpwa wangu akakesha akizigeuza faili zile zile kuwa za 320. Asubuhi zilikuwa zimenenepa mara tano.

"Mjomba, mbona maji bado yapo?"

Kilichotupwa hakimo tena kwenye faili, nikamwambia. Kiko kwenye CD.

Jirani alikuwa ameshahamia Turbo. Tukapanda matatu, tukalikuta kasha chini ya meza, diski mbili zimechubuka. Safari hii tulitumia FLAC, ambayo hupunguza ukubwa karibu nusu bila kutupa chochote. Flashi ya GB 4 sasa inaingiza albamu kumi hivi tu, na Baba na mjukuu wake bado wanabishana ni zipi.